Simu ya Papa Iliyokuja Bila Waya

Juma lililopita simu yangu ilikataa kuwaka, nikanunua nyingine sokoni. Nilipofika nyumbani, hapa Kisangani, mtaa wa Kabondo, ninapoishi peke yangu, nilimwaga kitandani nyaya zote nilizo nazo nitafute ya kuichaji. Nyingine kichwa chake ni cha duara, nyingine ni bapa, nyingine ina meno upande mmoja tu. Hakuna hata mmoja ulioingia. Nikarudi kwa yule aliyeniuzia, akacheka, akaniuzia na waya wake.

"Mama, hii iko na bouche mupya, tundu ya namna ingine. Zile zako, tupa tu."

Najua hata wewe, rafiki yangu, umewahi kukasirishwa na mambo haya. Mimi sikukasirika. Nilikaa kitandani kando ya zile nyaya nikaukumbuka mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, mimi na koko.

Koko ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Huyu wangu alimzaa mama. Alikuja Kisangani kutoka Maniema akiwa msichana, na hadi uzeeni alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta ya mawese mpaka ua mzima unukie. Mama alikuwa amefariki. Baada ya matanga papa, yaani baba yangu, akaenda Ubundu kutafuta kazi. Unaujua mto wetu: kati ya Ubundu na hapa maji yanaruka juu ya mawe, mashua hazipiti, kwa hiyo mizigo inashushwa pale na kupandishwa treni. Papa alipata kazi ya kuhamisha magunia.

Nyumbani tukabaki wawili. Asubuhi niliamshwa na kengele za toleka, zile baiskeli zilizobeba abiria kabla mji haujajaa pikipiki. Nikitoka shule nilifagia ua, nikateka maji, nikatwanga ndizi za lituma, koko akizigeuza kwa mkono uliozoea moto. Halafu kazi zikaisha, na mchana ukawa bado mrefu. Koko hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilikuwa nikihesabu baiskeli barabarani ili nisikie sauti ya mtu, hata kama ni yangu mwenyewe.

Ndipo siku moja fundi wa treni akatuletea kifurushi. Ndani ya shati la papa, ambalo bado lilinuka jasho lake, mlikuwa na simu. Tulikuwa hatujawahi kuwa nayo. Papa alikuwa ameinunua kwa mchuuzi mmoja pale Ubundu, na imejaa moto wa betri: vijiti vinne vilionekana kwenye kioo. Fundi akatoa na ujumbe: papa atapiga kila dimanche, ndiyo Jumapili, saa kumi, kutoka kwenye kibanda cha simu cha kule.

Waya wa kuichaji haukuwemo. Mchuuzi hakuwa nao, na papa aliona Kisangani ni mji mkubwa, hatutaukosa.

Tuliukosa. Siku zile vibanda vyote vya kuchaji vilikuwa na chaja za aina mbili, tuliziita kichwa kikubwa na kichwa kidogo, na zote zilikuwa duara. Tundu la simu yetu lilikuwa bapa na pana, na ndani yake kuna vijino vidogo vya rangi ya dhahabu. Nilizunguka nayo soko zima. Kila mwenye kibanda aliigeuza, akachungulia, akajaribu kichwa hiki na kile, akanirudishia. "Hii singa yake haiko huku," waliniambia. Singa ni waya kwa Lingala, na juma lile nililisikia neno hilo mpaka likanichosha.

Koko akaweka sheria. Simu ilale imezimwa juma zima. Dimanche, karibu na saa kumi, tunaiwasha, tunaongea, tunaizima. Usiipapase, usiitazame kioo, usimwonyeshe mtu.

Basi juma zima nilikuwa natayarisha maneno. Nilimwambia papa habari za shule akilini, nikifagia, nikiosha vyombo, na dimanche ilipofika sauti yake ilitoka nyembamba, yenye upepo, nami nikasahau yote. Aliuliza kama ninakula. Nikajibu ndiyo. Aliuliza kama ninamsikiliza koko. Ndiyo. Kisha koko akanyoosha mkono, kwa kuwa naye alikuwa na yake ya kusema. Nilikuwa na sentensi moja niliyotaka kuisema kuliko zote, nayo haikuweza kusemwa koko akiwa amesimama pale: papa, njoo unichukue.

Vijiti vikapungua, vitatu, viwili, kimoja.

Dimanche ya mwisho koko alikuwa ameenda matanga kwa jirani. Niliiwasha mwenyewe. Ikalia.

"Koko iko wapi?" papa akauliza.

"Ku matanga."

"Bon. Alors nikuambie weye wa kwanza. Huku Ubundu sasa niko na..."

Kioo kikawa cheusi. Niliendelea kuita papa, papa, ndani ya kitu kilichokwisha kufa.

Ana nini? Niliwaza usiku kucha nikajijibu mwenyewe: ana nyumba. Amepata nyumba, ana nafasi yangu, anataka kunichukua. Kwa mtoto aliyekuwa peke yake kama mimi, hapakuwa na jibu jingine.

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi wa redio. Tulimpelekea simu akakata waya wa chaja nyingine, akaziunganisha nyuzi zake moja kwa moja na betri. Simu ikawaka. Nilipiga kelele ya furaha. Kabla sijafunga mdomo, harufu ya kuungua ikatoka, na betri ikavimba mpaka kifuniko kikafyatuka. Yule mzee alinawa mikono bila kututazama. "Mutoto, unisamehe," akasema.

Namba ya kile kibanda cha Ubundu hatukuwa nayo. Ikabaki barua. Koko hakujua kuandika, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda akanitajia maneno, nami nikaandika kwenye karatasi ya daftari. "Andika: tuko wazima. Téléphone ilikufa, siye hatukufa. Mutoto anasoma muzuri." Alipomaliza, mimi niliongeza mstari mmoja chini.

"Mbona mukono yako ingali inaandika?"

"Ni jina yangu, koko."

Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake tukavuka mto pamoja kwa mtumbwi hadi stesheni, ng'ambo ile, naye akaikabidhi barua kwa mikono yake miwili kwa yule fundi wa treni. Aliikabidhi kwa heshima nyingi sana. Mimi nilitazama maji.

Treni siku zile ilikuja ilipotaka. Mvua zilianza zikaisha. Mchana mmoja papa akasimama mlangoni, amekonda, mabega yamekuwa makubwa. Kabla hata ya kuketi alitoa mfukoni waya mweusi wenye kichwa bapa. Alikuwa ameutafuta kwa kila msafiri aliyepita Ubundu. Koko akamletea ile simu iliyovimba, naye akaviweka mezani, waya na simu, akavitazama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

Tulipokuwa tunakula akasema, "Mama, niliona barua. Mutoto anasema nikuye kumuchukua. Ni muzuri. Kule niko na mwanamuke sasa, na iko na mimba. Ni ile nilitaka kusema, téléphone ikakatika."

Koko alitoa mkono kwenye sahani.

"Aliandika hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Aliniangalia. Afadhali angekasirika. "Bon," akasema. "Niliona mukono yake ilikawia."

Alasiri ile alifua nguo zangu zote, akazianika, akazipiga pasi ya makaa, akazikunja moja moja. Juu yake akaweka kitenge cha mama, ambacho hakuwahi kuniruhusu hata kukigusa. Asubuhi nilikuta mfuko umefungwa mlangoni, na koko anafagia ua ambao nilijua ameshaufagia.

"Papa," nikasema, "siendi."

Alidhani ni kwa sababu ya yule mwanamke. Nilimwacha adhani hivyo. Aliondoka peke yake kurudi stesheni, na mimi nikaufungua mfuko nikarudisha nguo mahali pake, koko akifagia bado.

Tuliishi pamoja miaka mingine minane, hadi alipofariki. Hakuitaja ile barua hata siku moja. Alinipikia, aliniuguza, alinicheka nilipoanza kujipodoa. Ila tangu siku ile hakuniomba tena nimwandikie barua. Alipotaka kupeleka habari Maniema alimtafuta mtoto wa jirani.

Mara nyingi nimefikiri kwamba ingetosha dakika moja. Papa angemaliza sentensi yake, nami nisingeandika yangu. Lakini nilikuwa nayo moyoni tayari, na siwezi kuutupia waya makosa yote.

Baiskeli zimekwisha barabarani. Yule fundi wa redio hayupo, na kibandani kwake sasa wanauza nywele. Ubundu kuna mtandao, naweza kumpigia papa saa yoyote, na kwa kuwa naweza, miezi inapita. Hakuna tena anayetayarisha maneno juma zima. Jana nilimpigia kwa simu mpya. Akapokea binti yake mdogo wa mwisho, ambaye nimemwona mara mbili maishani.

"Ni nani?" akauliza.

Nikamtajia jina langu. Nikamsikia akitembea na simu, kuku wakilia, kisha sauti yake kwa mbali:

"Papa, kuko mama moja anakutafuta."