Mjumbe Alipewa Kiti cha Mbele

Harufu ya uji wa mtama uliochacha ikinipitia puani, hata nikiwa jikoni kwangu na shughuli zangu, hunirudisha kwenye ukingo wa msitu wa Kakamega, likizo ya Agosti, mwaka wa pili tangu bendera yetu ipandishwe. Uji huo hatukuunywa. Ulikuwa gundi yetu. Tulichana magazeti makuukuu vipande vipande, tukavichovya ndani ya sufuria, tukavibandika juu ya vibuyu vilivyopakwa mafuta, na vilipokauka juani tukavibandua vikiwa nyuso za watu: wafalme, wazee, wajane, wote midomo wazi kana kwamba wamepata habari moja. Tulivitundika vinyago hivyo kwenye ua, nzi wakavijia, na mbuzi wa jirani akamla mfalme mmoja ndevu zote. Ukivaa chako ulivuta pumzi yako mwenyewe pamoja na ule uchachu, jasho likikutiririka hadi kidevuni, na dunia nzima ukaiona kupitia matundu mawili madogo.

Shule yetu haikuwa na ukuta wala paa. Ilikuwa mteremko wa nyasi juu ya mto, ambao sisi wenyewe, watoto wa shule mbalimbali waliochaguliwa kwa kusoma vizuri kwa sauti, tuliukata kwa majembe hadi ukawa na ngazi za kukalia. Mwalimu Zefania ndiye aliyeibuni. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na suti moja ya kahawia na wazimu mmoja: michezo ya kuigiza ya Wayunani wa kale. Sisi Wayunani tuliwajua kanisani tu, wale ambao Paulo alikuwa akiwahubiria bila wao kuchoka kubishana. Mwalimu Zefania alituambia kwamba muda mrefu kabla ya Paulo, watu hao walikuwa wakikaa mlimani juani, mji mzima, wakitazama misiba ya wafalme ikiigizwa, wakilia pamoja na kurudi nyumbani wakiwa wepesi. Alisema hayo si mambo ya Wazungu, ni mambo ya watu, na sisi wa Kakamega tulikuwa nayo tayari ila hatukuyaandika. Nilimpenda mtu huyo kwa maneno hayo. Nilikuwa msichana wa darasa la saba na hakuna mtu mwenye suti aliyewahi kuniambia kwamba nina kitu tayari.

Tulifanya mazoezi asubuhi, kwa sababu mvua ya Kakamega mwezi wa Agosti haina mzaha. Saa tisa ikifika, mbingu hufunguka. Mchezo wenyewe aliutunga yeye kwa kufuata desturi za Wayunani. Malkia mmoja amemfukuza mwanawe kwa kiburi, mwana anafia ugenini, na kundi la wazee wa mji linaitikia kwa wimbo kila jambo linapotokea. Lakini kifo hakionekani. Hilo Mwalimu alilisisitiza kuliko yote. Kwa Wayunani, alisema, mtu hafi mbele ya watazamaji. Anafia nyuma huko, kisha anakuja mjumbe, anasimama mbele ya mwenye msiba, na kumwambia yote bila kupunguza. Mvulana mmoja wa Butere ndiye aliyekuwa mjumbe wetu, na alikuwa na huruma iliyompita kimo. Kila akimkabili malkia alimung'unya maneno, akainamisha kichwa, akasema mwana ni mgonjwa kidogo. Siku moja Mwalimu alimrukia. "Mjumbe hauawi," alifoka, "kwa hiyo huna sababu ya kuogopa! Mjumbe anayeficha habari ni mwizi. Msiba una mwenyewe, na wewe umemwibia." Nayakumbuka maneno hayo kama ninavyokumbuka sala ya Bwana.

Mimi nilikuwa kiongozi wa wale wazee waitikiaji, na nafasi hiyo sikuipata kwa uzuri wa sura, maana sura ilifunikwa. Niliipata kwa sababu ya Kukhu. Ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwetu. Kukhu wangu, mama yake baba, alinilea huko Shianda tangu nikinyonya mpaka nikaenda shule, na alijulikana pande zote hizo hadi Mumias kwa jambo moja: kufungua kilio. Mtu akifa, wanawake hawakulia ovyo. Walimngojea Kukhu atokee njiani. Alianzia langoni kwa sauti ya chini, akimwita marehemu kwa jina alilopewa siku ya kuzaliwa, akamuuliza kwa nini ameacha mahindi hayajapaliliwa, akamsifu, akamgombeza, mpaka akifika penye mwili hakuna jicho kavu uani. Hapo ndipo kilio cha wote kilipokuwa halali. Nilimfuata matanga mengi nikiwa nimeshika kanga yake, na sauti ile ikaniingia bila kufundishwa. Mwalimu Zefania aliponisikia mara ya kwanza nikiitikia kifo cha yule mwana wa malkia, alikaa chini kwenye nyasi na suti yake.

Kabla sijaenda shuleni hapo nilimwomba Kukhu ruhusa, kwa kuwa kulia pasipo msiba si jambo dogo kwetu. Alicheka mpaka akakohoa. Aliuliza kama hao Wayunani nao wana mashangazi. Kisha akanishika kidevu. "Mlilie huyo malkia wenu," alisema, "ila kile cha langoni, cha kuita jina, usimpe. Hicho uniwekee mimi. Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayenifungulia kilio." Nilimwahidi. Ahadi hiyo ilikuwa fahari yangu kuu duniani, kubwa kuliko kuchaguliwa na Mwalimu, na mazoezini niliitunza. Nililia kwa njia zote alizonifundisha, isipokuwa hiyo moja.

Siku ya kuonyesha mchezo, wakubwa wa serikali walikuwa wanakuja kutoka Nairobi, kwa hiyo nyasi zilifyekwa na viti vya kanisa vikaletwa kwa mkokoteni vikapangwa mbele. Asubuhi hiyo kila mtu alikuwa mwema kwangu kupita kiasi. Mama mpishi aliniita jikoni akaniwekea paja zima la ingokho, kuku wa wageni huyo, juu ya obusuma yangu, yaani ugali, kisha akageuka upesi akaanza kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu. Mwalimu Zefania, ambaye kwa kawaida siku ya kazi alikuwa mkali kama pilipili, alinifunga yeye mwenyewe shuka yangu ya mchezo kwa mikono yake, akanirekebisha mabega, asinitazame machoni. Nilidhani ni heshima. Nilidhani hivi ndivyo anavyotendewa mtu ambaye kila kitu kinamtegemea. Nilipokuwa nafungwa shuka hiyo nilisikia honi ya basi la adhuhuri la kwenda Mumias likitoka mjini, ndefu, mara mbili, na niliifurahia kwa sababu ilimaanisha saa imekaribia.

Tulipoingia uwanjani nilichungulia kwa matundu ya kinyago, na katika viti vya mbele, katikati ya wakubwa wenye tai, nikamwona Baba mdogo Makokha. Ndugu yake baba! Alikuwa amekaa wima, kofia magotini, miguu yake ikiwa na vumbi jekundu la barabara mpaka kwenye magoti. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kunitazama nikifanya lolote, na sasa mmoja amepiga baiskeli kutoka Shianda na kupewa kiti pamoja na wakubwa wa Nairobi! Nililia siku hiyo kuliko siku zote. Mjumbe wetu alisema yake yote bila kumung'unya, malkia akaanguka, nami nikainua sauti na wenzangu wakaitikia nyuma yangu. Nikamwona Baba mdogo ameinama, mabega yakimtikisika, machozi yanamdondokea ndani ya kofia. Mkubwa mmoja akampigapiga mgongoni huku naye anajifuta macho. Mimi, ndani ya kile kinyago kinachonuka, nilikuwa natabasamu. Nilijisemea kwamba hata mwanamume mzima nimemliza. Nikaongeza.

Mvua ilianza wageni wakiwa bado wanapiga makofi, kila mtu akakimbilia baraza ya nyumba ya Mwalimu. Nilimkimbilia Baba mdogo nikiwa na shuka yangu, nikamuuliza kama nilifanya vizuri. Aliniambia, "Mama, urifanya. Urifanya sana." Kwetu mtoto wa kike huitwa mama na wakubwa wake wakimpenda, lakini sauti yake haikuwa ya kupongeza. Nikamuuliza Kukhu hajambo. Akatazama mvua. Mwalimu Zefania akaja akaniwekea mkono begani, akasema kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka kwamba nilikuwa nimeitumikia nchi yangu siku hiyo, na kwamba sasa nilipaswa kuwa jasiri. Sikusubiri amalize. Nilimuuliza Baba mdogo, "Mtamzika lini?"

"Sasa hii," alisema. "Nadhani sasa hii ndiyo wanafukia."

Njiani siku ya pili, nikiwa nimekaa nyuma ya baiskeli, alinisimulia yote. Kukhu alikuwa amelala tu mchana wa juzi yake na hakuamka. Neno lake la mwisho kwa watu wa nyumbani lilikuwa kwamba siku yake ikifika nisingojewe sana, lakini niitwe. Kwa hiyo Baba mdogo aliondoka alfajiri, akafika Kakamega jua likiwa bado la kupendeza, na hesabu yao ilikuwa kwamba tungerudi na basi la adhuhuri, tufike kabla ya mazishi ya jioni. Alimkuta Mwalimu akipanga viti. "Nikamwambia, Mwarimu, mimi nimetumwa. Mama yetu ametuacha, na huyu mutoto ndiye wa kufungua kirio." Mwalimu akamshika mkono, akampa pole ya kweli, machozi yakamlengalenga. Kisha akamwambia kwamba wageni wako njiani, kwamba mtoto huyu akiondoka hakuna mchezo, na bila mchezo wakubwa hawatarudi tena kusikia habari ya shule ile. Ni saa chache tu, alisema. Akamletea chai na kiti. Wakati huo mwalimu alikuwa mtu mkubwa kuliko chifu, na Baba mdogo alikuwa mkulima asiye na viatu. Akakaa. Mjumbe hauawi, ndiyo, ni kweli. Wetu hawakumuua. Walimkaribisha mbele.

Tulipofika Shianda kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa, udongo umeloa na kushikamana. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa amefungua kilio, kwa sauti yake ya kukwaruza, baada ya kungoja hadi jua likaanza kushuka na watu wakaona haya. Nilisimama pale langoni nikiwa na jina la Kukhu mdomoni, lile alilopewa siku ya kuzaliwa, tayari. Mama mmoja mzee akanifunika mdomo kwa kiganja chake. Kwetu kilio hufunguliwa mara moja, mwili ukiwa uani. Udongo ukisharudi, anayekifungua tena wanasema anaita msiba mwingine. Siku ya wafiwa kunyolewa nywele nilikaa kwenye mstari na wajukuu wenzangu, wembe ukinipita kichwani, na machozi yakakataa kabisa. Yalikuwa yamebaki kule mlimani, yamelipiwa kwa makofi. Nilimsikia shangazi akinong'ona: "Huyu mtoto amekauka macho. Kwani huko walikuwa wanawafundishanga nini?" Laiti ningejua pa kuanzia kumjibu.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mwalimu, nilikutana na Zefania mjini Kakamega, mbele ya posta. Alikuwa amepanda vyeo, ana tumbo, ana watu wa kumbebea mkoba. Alinikumbatia kwa furaha isiyo na doa. Akawaambia wale watu wake, "Huyu ndiye aliyewaliza wakubwa wa Nairobi! Mpaka mzee mmoja mkulima pale mbele alilia kama mtoto. Sijaona tena uigizaji wa namna hiyo." Nilimtazama nikingoja ashtuke, akumbuke mzee yule alikuwa nani. Hakushtuka. Alikuwa amesahau kabisa, na kile alichoniibia alikuwa akinisifia nacho. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumsamehe akiomba, kumbe nilijiandalia bure. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Mteremko ule sasa umejengwa nyumba za kupanga, na bodaboda wanapita pale tulipokata ngazi zetu. Habari za kifo siku hizi zinafika kabla mwili haujapoa. Mtu anasoma msiba wake kwenye simu akiwa anakula chapati. Wazee wenzangu hulaumu, wanasema hakuna tena adabu ya kumwandaa mtu. Mimi katika hilo siungani nao. Simu yangu siizimi, si kanisani, si mkutanoni, si kwenye harusi ya mtu. Jumapili iliyopita iliita katikati ya mahubiri, mchungaji akanyamaza, kanisa zima likanigeukia. Ilikuwa kampuni ya simu, inaniuzia muziki. Mjukuu wangu aliona aibu hadi tukafika nyumbani. "Kukhu," aliniuliza, "kwani huwa unangojanga simu ya nani?"

Nilimwambia namngojea Baba mdogo Makokha. Alifika mapema, nikamwambia, ana neno langu, na safari hii asikaribishwe kiti.