Bolti Iliyoona Kiangazi

Mume wangu na rafiki yake walinunua pikapu kwa pamoja. Mume wangu ni mkulima wa mpunga na maembe wa Hewani, rafiki yake ni mfugaji wa Kiorma. Garsen nzima iliusifu ushirika huo. Mkulima na mfugaji ndani ya gari moja! Hata mchungaji wetu aliutaja mimbarani. Mimi hakuna aliyeniuliza, ingawa kila alfajiri nilikaa katikati yao kwenye kiti cha mbele, gia ikinigonga goti mpaka Malindi.

Mizigo ilikuwa yangu. Nilinunua maziwa kwa wake na dada za yule rafiki, wanawake wanaoamka kukamua wakati waume zao bado wanageuka upande wa pili wa mkeka. Nikayapeleka Malindi kwa mama mmoja mwenye hoteli ya chai. Mama huyo hakuwa na maneno mengi. Alitaka maziwa yafike kabla wateja wa asubuhi hawajaketi, na yawe hayajaanza kuchacha. Nilikuwa nimeshachelewa mara moja, nikaomba radhi. Nikachelewa tena, nikaomba tena, safari hii nimepiga magoti kwenye sakafu yake yenye majani ya chai. Akaniambia, "Dada yangu, mara nyingine usije na maneno, na maziwa usije nayo." Sikuwa na mteja mwingine, na ada ya watoto ilitoka kwenye maziwa hayo. Nyumbani nilisema jambo hilo polepole, kisha nikalisema kwa sauti.

Mwanamke akisema gari linachelewa, mtu mwenye akili huondoka mapema. Wangu wawili walitia turbo.

Waliitoa, hiyo pampu ya kuisukumia injini hewa iwe na nguvu zaidi, kwenye gari lililopinduka huko barabara ya Lamu, wakampelekea fundi wa Garsen aifunge. Siku za kwanza pikapu ilipiga mluzi na kuruka, mbuzi wa Minjila wakajifunza adabu. Mume wangu aliendesha kiwiko kikiwa nje ya dirisha. Rafiki yake alicheka peke yake kila tulipolipita basi. Haukupita muda, gasketi ya hedi, kizibo chembamba kilicho chini ya kifuniko cha injini, ikaungua, maji yakaingia kwenye oili, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Niliitazama ile rangi nikaona inanicheka.

Fundi alikuwa kijana aliyefanya kazi Mombasa, akarudi nyumbani na Sheng yake. Aliwaeleza vizuri tu. "Wazee, mkiongeza nguvu ya injini, lazima vitu vya ndani viwe ngumu pia. Hizi bolti za hedi zinashikilia kifuniko cha juu. Turbo inakisukuma kifuniko, bolti zinaachia, gasketi inaungua. Tunahitaji bolti mpya za chuma ngumu, konrodi mpya, na beringi." Konrodi, kwa asiyezijua kama nilivyokuwa sizijui, ni ile mikono ya chuma inayounganisha pistoni na mhimili wa chini unaozunguka. Akatoa mfukoni bolti moja mpya aliyoletewa kutoka Mombasa kama mfano, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Iling'aa.

Hapo ndipo uchaguzi ulipoanza. Na kwetu, kuchagua kitu cha kudumu kuna njia yake.

Yule rafiki aliipokea bolti kama anavyopokea ng'ombe mnadani. Aliiinua, akaipima uzito, akaizungusha, akaipitishia kidole gumba kwenye meno yake. Nusura aifungue mdomo.

"Hii nani alitumia?" akauliza.

"Hakuna mtu, mzee. Ni mpya."

"Haijafanya kazi?"

"Bado."

Akairudisha kwa fundi kwa huruma. "Hii bado ndama. Hii kiangazi hapana ona."

Nilimtazama mume wangu nikidhani atacheka. Mume wangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali. "Kweli," akasema. "Hata sisi mpunga tunaoweka mbegu ni ule uliopona mafuriko. Huwezi kupanda kitu ambacho hakijajaribiwa."

Miaka yote watu wa mto na watu wa ng'ombe wamegombania malisho na njia za kwenda majini, na vikao vya upatanisho vimekunywa soda nyingi pasipo kupata neno moja la kukubaliana. Neno hilo likapatikana kwenye gereji ya Garsen, mbele yangu, nalo lilikuwa upuuzi mtupu.

Wakakumbuka gari la mtu mmoja wa Kau. Lilikuwa pikapu kama yetu, injini ileile, kuukuu kuliko babu zetu. Mafuriko yaliizamisha mpaka paa, ikatolewa na kamba, ikakaushwa, ikawashwa, ikawaka. Baadaye chesisi ikaoza, lakini injini ilikuwa bado ipo chini ya banda, kuku wanataga juu yake. Walikwenda wenyewe kuitazama. Walirudi wamebeba bolti zake zote za hedi na konrodi zake kwenye gunia la mpunga, nyuso zao kama za watu waliotoka kuposa.

"Hizi zimeona kiangazi na mafuriko," mume wangu akatangaza. "Na hakuna iliyokatika."

Fundi alikaa juu ya tairi akashika kichwa. Kisha akajaribu mara ya mwisho, na maneno yake niliyashika kwa sababu aliyasema kwa lugha ninayoielewa, ya sketi. "Wazee, bolti ya hedi ukiikaza inavutika. Ndiyo kazi yake, inavutika ili ibane. Ni kama mpira wa kiunoni. Ukishavaa miaka na miaka, mpira haujakatika, lakini umelegea. Hii ukiikaza tena, na turbo juu, itavutika mpaka ikatike. Kwa macho mtaiona nzima."

"Mpira ni mpira," akasema rafiki. "Hii chuma."

"Sawa. Mimi nitafunga, gari ni lenu. Lakini nimesema."

"Sema tu," mume wangu akamjibu kwa upole wa mtu aliyeshinda.

Nilisema na mimi. Nilisema tuache turbo, tuondoke mapema, tuendeshe polepole kama watu wazima. Rafiki akaniangalia kwa heshima kubwa. "Shemeji, wewe iko nguvu. Wewe nazoea shida. Usiogope." Mume wangu akaongeza kwamba mke wake ni jembe, hajawahi kulalamika. Nilikuwa nalalamika wakati huohuo, kwa mdomo wangu, mbele yao wote wawili.

Asubuhi ya kwanza na injini iliyofungwa upya kwa vitu vikuukuu tulitoka vizuri. Tulipita Minjila kwa mluzi. Tarasaa mume wangu aliniuliza kama nasikia inavyovuta. Niliisikia. Tulipokaribia Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi ambako hakuna mti wala kivuli, alilipita lori na kukanyaga mpaka mwisho. Kukawa na mlio mmoja mkavu, kisha mwingine, kisha injini ikagonga kama mtu anayevunja nazi kwa nyundo. Moshi mweupe ukatufunika. Tuliposimama, konrodi moja ilikuwa imechungulia nje kupitia ubavu wa injini, imekuja kutusalimia.

Jua likapanda. Wale wawili wakainama juu ya boneti wakijadiliana. Mimi nilikuwa naweka kanga yangu yenye maji juu ya mitungi ya maziwa, kanga inakauka, naiweka tena. Lori la chumvi ndilo lililonichukua, peke yangu na mitungi yangu. Nilifika hotelini wateja wameshakunywa chai na kuondoka. Yule mama alifungua mtungi mmoja, akanusa, akaufunga. Hakunigombeza. Jikoni kulikuwa na maziwa ya mtu mwingine yanachemka. Nilimwaga yangu kwenye mtaro nyuma ya soko, na nililia, sioni haya kusema.

Jioni moja baada ya gari kuvutwa nyumbani, nilitoka uani nikawakuta wamekaa mkekani na sinia langu la kupepetea mchele. Ndani yake walikuwa wamepanga bolti. Zilizokatika walizitupa pembeni. Zilizobaki nzima walikuwa wanazifuta kwa kitambaa.

"Hizi," mume wangu akasema, macho yanang'aa, "zimepona mafuriko, na sasa zimepona na Gongoni. Injini nyingine tukipata, tunaanza na hizi."

"Hizi ndiyo mama," rafiki akakubali.

"Na wewe, mama watoto, kesho uende kwa yule mama wa hoteli. Umwombe tena. Wewe ndiye unayejua kumwomba. Wewe huvunjiki."

Nilikwenda kwa fundi nikaazima ile bolti mpya. Nikarudi nikaisimamisha kwenye sinia, na kando yake nikasimamisha moja ya zile zao nzima, bolti ya aina ileile. Yao ilikuwa ndefu zaidi. Si sana, kama unene wa ukucha, na shingo yake imekonda. Nikasimamisha nyingine. Nayo ilikuwa ndefu.

Rafiki aliinama mpaka kofia yake ikakaribia kuanguka. "Imevutika," akasema taratibu.

"Imevutika," nikasema. "Na mimi nimemwomba yule mama mara mbili kwa ajili ya mluzi wenu. Mnaniona nzima kwa sababu sijakatika. Kesho mtakwenda nyinyi. Nyinyi ndio bolti mpya. Hamjaona kiangazi."

Mume wangu alilisogeza sinia pembeni. Rafiki yake akaanza kutafuta viatu vyake.

Alfajiri walipanda basi la polepole na mitungi ya maziwa, mume wangu kavaa shati lake la kanisani, rafiki kavaa kikoi kipya, wanaume wawili wananuka woga. Mimi nilirudi kitandani nikalala mpaka jua likaingia dirishani.

Walirudi alasiri, mitungi mitupu. Yule mama aliyapokea maziwa, lakini baada ya kuwaweka kwenye benchi la jikoni asubuhi nzima, wanawake wanawapita na masufuria. Alichowauliza ni kimoja tu, mwenye maziwa yuko wapi.

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza mume wangu.

Alikuwa anafungua vifungo vya shati, hanitazami.

"Nikamwambia amechoka."