Bonjour Kabla ya Bunduki

Enzi zetu, sisi watoto wa Schaerbeek, mtaa wa Brussels, tuliokua miaka ya elfu mbili, shule ilifungwa mchana kila Jumatano, na kila mtoto alikuwa na mahali pake pa kusubiri wazazi. Wenzangu walisubiri kwa shangazi zao, au kwenye saluni zenye harufu ya mafuta ya nywele. Mimi nilisubiri kwenye duka la bunduki.

Papa, fundi seremala kutoka Bukavu, alikuwa akitengeneza vitako vya mbao vya bunduki za kuwindia kwenye duka moja dogo kule Etterbeek, na mwenye duka akitoka, Papa ndiye aliyesimama kaunta. Mle ndani mlinukia nta, mbao, na mkate wangu wa chokoleti. Nilipewa kiti pembeni karibu na kabati, na amri moja tu: nisikiache.

Sijaona tena watu wenye adabu kama wateja wa duka lile. Wanaume wenye viatu vya matope ya msituni walifuta miguu mlangoni, wakasema bonjour kwa kila aliyekuwemo, hata mimi mwenye chokoleti mdomoni. Bunduki ilikaa kwenye mfuko wake mpaka Papa aseme itoke. Ikitoka, mdomo unaelekezwa ukutani, inafunguliwa, inaonyeshwa kuwa ni tupu, ndipo inakabidhiwa. Papa naye, ingawa ameshaonyeshwa, alichungulia tena, na hakuna aliyenuna. Hakuna aliyeshika bunduki ya mwenzake bila kuomba. Vijana wa leo wanaingia dukani na vidude masikioni, wananyoosha kidole kwenye wanachokitaka, na ukiwasalimia wanakutazama kana kwamba umewakanyaga.

Jumatano moja akaingia Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Hakuwa ndugu wa damu. Ndiye aliyempokea Papa alipofika Brussels, akamlaza sebuleni kwake miezi minane. Nyumbani kwetu neno lake halikupingwa. Hata Maman alizima redio aliposikia hodi yake. Siku hiyo alileta bunduki ya marehemu baba mkwe wake, Mbelgiji, aliyoikuta darini, ameiviringisha kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Na alikuja nayo kwa tramu.

Kwa furaha nikasahau amri, nikaacha kiti kwenda kumsalimia. Yeye alikuwa ameshaanza kufungua kitenge palepale mlangoni, mdomo wa bunduki ukizunguka chumba kizima, hadi ukatulia kwangu.

Papa hakupaza sauti. Alitoka nyuma ya kaunta, akasimama kati yetu, mikono yote miwili mbele, akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu:

“Tonton, minaomba ugeuze mudomo yake ku ukuta. Huku ni vile kwa batu bote.”

“Donc miye njo nilikupokea na valizi moja ya nguo, leo weye njo unanifundisha?”

“Hapana kukufundisha, Tonton. Minaomba tu.”

Nililiona jasho kwenye paji la uso la Papa. Mzee yule akiondoka na hasira, kwetu ingekuwa sawa na Papa kumfukuza baba yake mzazi, na alilijua hilo vizuri. Lakini hakusogea. Tonton akageuza mdomo ukutani, amenuna, akamkabidhi. Papa akaifungua. Mle ndani mlikuwa na risasi mbili.

Tonton alikwenda kukaa kwenye kiti changu, kitenge magotini.

“Na mutoto alikuwa pale,” alisema mwishowe.

Kwetu mtoto ndiye anayemwanza mkubwa kwa salamu. Lakini tangu siku ile hadi alipofariki, kila tulipokutana barabarani Tonton alinitangulia: alivua kofia mbele yangu, mtoto wa miaka tisa wakati ule, akasema bonjour. Wenzangu walicheka. Papa hakucheka.

Siku hizi napanda tramu ileile, imejaa watu, na hakuna anayeinua macho kutoka kwenye simu. Bado nasema bonjour nikiingia. Mara nyingi hajibu mtu, na hapo ninamkumbuka mzee mzima akimvulia kofia mtoto kwa sababu tu mtoto huyo bado yu hai.