Siku Mbili za Kumchunguza Mama Mkwe Korogwe

Barua ya posa ilipofika kwa kaka yangu, mimi ndiye niliyesema isijibiwe kwanza. Mama wa kijana anauza chakula karibu na stendi ya Korogwe, asili yao milimani, Washambaa, na sisi ni Wazigua wa Handeni. Tunawajulia wapi? Binti wa kaka nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, shangazi mtu, na sikuwa tayari kumtupa kwenye nyumba ya watu nisiowajua.

Kaka akachoka na maneno yangu. "Basi nenda kawachunguze mwenyewe. Ukirudi na neno baya, barua nairudisha."

Nikaenda. Ilikuwa likizo ya Juni, wageni wengi mjini, nami nikajifanya mgeni anayetembea tu. Kushuku sikuhitaji kujifunza, nimezaliwa hivyo. Kwetu maji ni ya shida, hata tangi letu nyumbani lina kufuli, na ufunguo naufunga kwenye ncha ya kanga. Kiangazi kilichopita mwanamume mmoja alipiga hodi akiomba maji ya kunywa. Nikamwambia bomba liko kule mbele, nikafunga mlango. Wezi ndivyo wanavyoanza, wanaomba maji huku macho yao yako uani. Mimi si wa kuchezewa.

Kwa yule mama nilichagua benchi la pembeni, niyaone masufuria yote. Akaniletea wali, maharage na pande la samaki.

"Samaki sijaagiza."

"Kula tu, mgeni. Umetoka mbali."

Nani kamwambia nimetoka mbali? Nikampindua yule samaki, nikamnusa. Perege wa mtoni, wa asubuhi ileile, mtamu kweli, na utamu wenyewe ukanitia wasiwasi zaidi. Chakula cha bei rahisi vile kinakuwaje kitamu?

"Daraja umeshaliona?" akaniuliza. "Na stesheni ya reli? Nenda ukatembee, jioni urudi, nitakuwekea bada na mlenda."

Lo! Bada ya muhogo na mlenda, chakula chetu Wazigua, Mshambaa anampikia nani? Nikasema moyoni, huyu ananiondoa, ana jambo la kuficha. Nikajibanza nyuma ya meza ya mitumba, nikamtazama muda mrefu. Akaosha sahani, akazisuuza mara mbili. Akamwita mwendawazimu wa stendi, akampakulia kwenye sahani zilezile za wateja. Hapo nikaona aibu kidogo, lakini sikuridhika.

Darajani nilikwenda kweli, nisije nikaulizwa nikakosa jibu. Nikasimama nikiutazama mto Pangani. Maji yote yale yanapita, hakuna aliyeyawekea kufuli. Nikaona wivu, nisiseme uongo. Stesheni sikufika. Jioni nikala bada, nikatafuta kasoro, nikamaliza sahani.

Kesho yake nikaenda kunywa chai na kuaga. Nilikuwa sijapata neno baya hata moja, na hilo liliniudhi. Yule mama akafuta mikono, akaketi karibu nami na kikombe cha maji.

"Umeona ya kutosha, shangazi?"

Nikapaliwa na chai. "Umenijua lini?"

"Tangu ulipoteremka kwenye gari. Mdogo wangu alikuwepo stendi, akakutambua. Sisi tulitangulia kuja kwenu kuchunguza, kiangazi kile." Akakisukuma kikombe mbele yangu. "Ni yeye aliyepiga hodi, akaomba maji."

Toba! Nikatamani kutokomea chini ya lile benchi.

"Na bado mkaleta barua?" Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Aliporudi alisema, nyumba ile tusioe. Halafu akaniambia kuna binti alimkimbilia hadi barabarani na kikombe. Akamwambia, kunywa upesi, baba, shangazi asije akakuona."

Nilitaka kuuliza maji yale aliyatoa wapi, maana ufunguo ninao mimi. Kisha nikakumbuka. Kiangazi kile kila asubuhi nilikuwa nampimia binti kikombe kimoja cha maji ya kunywa, chake cha kutwa hadi jioni.

Nikayanywa yale maji ya yule mama yote, huku machozi yananitoka mbele ya wateja.

Nyumbani kaka alinipokea mlangoni. "Haya, una neno baya?"

"Ninalo, ila si lao," nikamwambia. "Ijibu barua." Nikaufungua ufunguo kwenye kanga, nikaenda kumtafuta binti nimkabidhi.