Pampu ya Landrova

Juzi, dukani Chikongola, muuza spea alinipa pampu ya maji niishike, na harufu ya grisi ikanirudisha uani kwetu Likombe.

Baba alikuwa akijiandaa kwenda Kitaya kumchukua bibi, aliyekuwa hoi, ampeleke hospitali. Landrova yake kuukuu ilihitaji pampu. Fundi Saidi, mtani wetu, alizilinganisha mbili: moja iliyokwisha tumika lakini nzima, nyingine mpya, ambayo baba aliipenda.

"Hii mpya mapanga yake mafupi, haisukumi maji," alisema fundi. "Ifunge, mtani, uone kama mama yako hajakufia njiani."

Nilianza kucheka mimi. Tangu nizaliwe nilimsikia akituzika wote kwa mdomo: leo mimi nimeliwa na mamba, kesho baba kafa kwa ulafi. Baba naye akacheka.

"Mchawi we! Funga hiyo hiyo."

Fundi akapaka gundi kwenye gasketi, akakaza bolti moja moja. Nilidhani ni utani uleule. Sasa najua hakuwa akitania.

Wakati wa kurudi Landrova ilichemka. Baba alikaa kando ya barabara akingoja rejeta ipoe, na bibi akafia humo garini, kwenye kiti cha nyuma.

Msibani fundi alikuja kufanya kazi ya mtani. Alilala mlangoni kuzuia jeneza, akamnyooshea baba kidole.

"Huyu asibebe! Halitafika makaburini!"

Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi, kisha akanitazama, akingoja nami nicheke.