Goti la Wifi Fusae

Goti la wifi yangu Fusae halijawahi kuwa na shida, ukitoa siku moja tu. Nasema mapema kwa sababu karibu watu wote waliopanda mlima naye wanaamini ni bovu. Wageni wake wa zamani bado wanamtumia dawa za kuchua kila mwaka mpya, mpaka kabati letu linanuka kafuri.

Ukweli ni huu. Wifi anaongoza wageni kupanda volkeno yetu hapa Japani tangu alipoolewa na kaka yangu, na mapema sana aligundua kwamba watu wetu hawasemi wamechoka. Ng'o. Mtu amepauka, miguu inamtetemeka, ukimwuliza anakujibu, "Niko sawa kabisa, samahani kwa usumbufu." Anaogopa kuwachelewesha wenzake. Wenzake nao wamechoka vilevile, wanaogopa kumchelewesha yeye. Basi wote wanajikaza kisabuni mpaka mmoja aanguke, na huyo aliyeanguka anaanza kuomba radhi akiwa bado chini.

Wifi akabuni dawa yake. Akiona mgeni pumzi zinamkatika, anasimama yeye, anashika goti, anakunja uso. "Jamani mnisamehe, goti langu hili. Tukae kidogo." Watu wanakaa, wanampa pole, wanatoa peremende, na hakuna aliyeaibika. Mimi ninatembea mwisho wa msafara na kengele ya kufukuzia dubu kiunoni, na wakati huo kazi yangu ni kutikisa kichwa kwa huzuni. Wifi ananiudhi kwa mengi, supu yake ya miso, ile ya soya, ni kama maji ya kuoshea vyombo, lakini kwa hilo la goti nampenda sana.

Mwaka jana, majani yalipoanza kuwa mekundu, akaja Bwana Hatanaka, mzee mjane, fundi saa mstaafu. Katika msafara huo walikuwemo pia wauguzi wawili kutoka Sendai, wasichana wachangamfu. Mzee alikuwa ameshika kofia ya kike ya bluu iliyochujuka, hakuivaa wala hakuiweka begini.

"Ya mke wangu," alituambia tukinywa chai pale chini. "Tulipanda hapa tukiwa wachumba. Ukungu ukafunika, hatukuliona ziwa la kreta kule kileleni. Tukasema tutarudi. Ikaja kazi, wakaja watoto, halafu akaugua."

"Basi leo mtaliona," wifi akasema.

"Inabidi. Wiki ijayo binti yangu ananihamishia kwake Osaka. Nimemwahidi huu ndio mlima wa mwisho."

Huko kwetu ukungu hupanda karibu na adhuhuri, na ukishafunika, ziwa halionekani tena siku hiyo. Kwa hiyo tulitoka mapema. Msituni mzee alikwenda vizuri. Miti ilipokwisha, ukaanza ule mwinuko wa changarawe nyeusi unaonuka mayai viza, nikamwona anavuta hewa kwa mdomo, midomo imekuwa ya kijivu. Wifi naye alikuwa ameona. Akasimama, akashika goti.

"Jamani mnisamehe, goti langu hili."

Wauguzi wakakaa palepale. Mzee hakukaa. Akainama mpaka nikaona utosi wake.

"Mama, kosa ni langu. Nimemlazimisha mtu mgonjwa apande kwa ajili ya kofia. Turudi."

"Hapana mzee, nikikaa kidogo litatulia."

"Usinifiche kwa heshima. Ziwa litakuwepo tu."

Akageuka, akaanza kushuka. Wifi akamkimbilia, akakumbuka kwamba anaumwa, akaanza kuchechemea. Mzee alipoona hivyo akarudi. Muuguzi mmoja akamshika wifi, akamketisha, akampandisha suruali, akaminya goti. "Panauma hapa?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

Msichana akaniangalia. Alishajua. Lakini naye ni mtu wetu, hawezi kumuumbua mama wa watu. Wifi hawezi kusema ukweli bila kumwambia mzee kwamba aliyechoka ni yeye. Mzee hawezi kupanda juu ya maumivu ya mwenzake. Basi wakabaki wanainamiana na kuombana radhi, na kule bondeni ukungu umeshaanza kupanda. Damu ikanichemka.

"Mzee, goti lake ni zima," nikasema. "Uliyechoka ni wewe. Anajisingizia ili ukae bila haya. Miaka yote ndiyo kazi yake. Sasa kaa chini, ule tonge lako la wali, halafu tupande."

Wifi akaniambia polepole, "Kinue, leo utalala nje."

Mzee akakaa. Akaigeuza ile kofia mikononi, mimi najuta, najiona nimemvunjia heshima mtu wa watu. Mwishowe akamtazama wifi.

"Mama, kumbe mtu hufanya hivyo?"

"Hufanya, mzee. Nisamehe."

"Mke wangu, kila kilima, nikianza tu kuhema, alikuwa anasimama kufunga kamba za viatu. Kila kilima. Nilikuwa namgombeza. Nikamnunulia kamba mpya, nikamfundisha fundo, mimi fundi saa, na bado anasimama. Nikamwambia, wewe mwanamke hujui hata kufunga viatu." Akaitazama kofia. "Kumbe hazikuwa zimefunguka."

Akafunika uso kwa kofia, akalia. Wenzangu wakageukia bonde kwa adabu. Mimi nililia naye, wazi kabisa, na sioni aibu kusema.

Alipomaliza alikula tonge lake, akapumzika sawasawa, tukapanda taratibu. Tulifika ukingoni mwa kreta, ukungu ukiwa nyuma yetu. Ziwa lilikuwa kijani, limetulia. Akainyanyua kofia kwa mikono miwili, akaielekeza kule, akaishikilia hivyo mpaka ukungu ukafunika kila kitu. "Haya," akaiambia, "umeona."

Wakati wa kushuka, kwenye ile changarawe, mguu wa wifi ukateleza na goti likapinda. Nilisikia likilia. Akainuka, akajipangusa, akatabasamu.

"Umeumia, mama?" wauguzi wakauliza.

"Niko sawa kabisa. Samahani kwa usumbufu."

Akaendelea kushuka, mgongo umenyooka, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nilikuwa nafungua mdomo tena, lakini Bwana Hatanaka akaniwahi.

"Jamani mnisamehe," akasema. "Kamba za viatu."

Akakaa juu ya jiwe, akaanza kufungua fundo moja moja, bila haraka yoyote. Wifi akakaa kando yake, akanyoosha mguu, akafumba macho. Nilizitazama zile kamba kabla hajazigusa. Zilikuwa zimekazwa mafundo mawili mawili.

Nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama kazi yangu ilivyo.