Mizinga Mitano ya Magome

Mzinga uliowahi kukaliwa na nyuki haukwanguliwi. Ndivyo tulivyofundishwa sote tunaotundika mizinga huku Itigi: harufu ya nta ya zamani ndiyo inayoliita kundi jipya, na anayeusugua mzinga anawafukuza nyuki kwa mkono wake. Kwa hiyo niliponunua mizinga mitano ya magome kule Rungwa, mwishoni mwa kiangazi, sikuikwangua. Miwili ilikuwa na mabaka tumboni, ya kahawia hafifu, laini kama sufi. Nilibonyeza moja kwa kidole, nikaandika kwenye daftari langu: "ukungu". Kisha nikaitundika yote kwenye miyombo ya baba mkwe, katika kona aliyonigawia nilipomuoa binti yake.

Wiki chache baada ya mvua za kwanza nilikwenda kukagua. Ilikuwa asubuhi, mbingu haina hata wingu, lakini ndani ya msitu nikasikia manyunyu. Nilikinga kiganja. Zikaangukia chembe nyeusi, kavu, kama mbegu za mchicha. Kilikuwa kinyesi. Juu yangu kila tawi lilikuwa na viwavi wenye manyoya, wakila. Sikujua kwamba kutafuna kwa mdudu kunaweza kusikika.

Jirani yangu, mwenye mizinga upande wa pili, alikuja kutazama.

"Msomi! Vitabu vyako vinasemaje? Hawa wanakaangwa au wanachemshwa?"

"Usiwashike. Manyoya yao yanawasha."

"Kumbe hata kitoweo si kitoweo!"

Alicheka sana. Juma lililofuata nyuki wake walihama, na wangu pia.

Nina kitabu cha wadudu kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza vitabu chakavu karibu na stesheni. Nilisoma sura ya nondo mara tatu. Kinasema wapo nondo wanaofunika mayai yao kwa manyoya ya matumbo yao, na mayai hayo husafiri yakiwa yamegandia magogo, magari, chochote kilichokaa chini ya miti. Nikafungua daftari. Neno "ukungu" lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu.

Bwana misitu alikuja, akatia viwavi wawili kwenye chupa, akasema mdudu huyu hajawahi kumwona upande huu wala hajui amefikaje. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Sikusema kitu.

Katikati ya masika msitu ulikuwa mtupu. Jua liliingia mahali ambapo halikuwahi kuingia, na kivuli changu kilinifuata hadi katikati ya miti. Baadaye miyombo ilichipua tena, vijani vidogo, vichache. Kitabu kinasema mti huvumilia mara moja. Mara ya pili, mingi hufa.

Nondo walipoanza kuruka, nilikwenda kwa baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Mbona umekaa kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba?"

Nilimweleza yote: Rungwa, mabaka, daftari, na siku ya bwana misitu.

"Hukuikwangua."

"Hapana, baba."

"Ungeniuliza, ningekukataza mwenyewe kuikwangua." Alinyanyuka polepole. "Twende."

Mabaka yalikuwa yameshaenea kwenye magome, mti baada ya mti. Alikwangua kwa kisu cha kurinia asali, mimi nikikinga kwa bati na kuchoma. Tulipomaliza mti wa nne aliinua uso. Siku hizi macho yake hayaoni mbali.

"Huko juu je?"

"Yapo, baba."

"Kama haya ya huku chini?"

"Zaidi."

Alibaki ameinua uso kama mtu anayesikiliza. Kisha akasogea kwenye mti wa tano, akaanza pale mkono wake ulipofika.